Mrejesho: asidi ya jasmoniki katika majani ya mkaratusi

Niliuliza kwa nini majani mazima ya mkaratusi yalionyesha asidi ya jasmoniki (homoni ambayo mmea hutengeneza unapojeruhiwa) nyingi sawa na yale yenye vivimbe vya nyigu Leptocybe invasa. Nawashukuru kwa dhati mlionijibu, kwani kosa lilikuwa langu: nilichuma majani na kuyabeba katika kisanduku cha barafu hadi maabara, ilhali jani likikatwa tu huanza kutengeneza homoni hiyo ndani ya dakika chache, kana kwamba limeng'atwa na mdudu. Safari hii nililitumbukiza kila jani katika nitrojeni ya kimiminika palepale chini ya mti, likawa gumu na kuvunjika kama kigae, kisha nikaongeza jasmoniki yenye deuteri (hidrojeni nzito, inayoitofautisha na ile ya jani) kabla ya kutoa homoni, ili kinachopotea njiani kihesabike. Sasa tofauti inaonekana wazi.