Kompyuta za shule zimepigwa kufuli, paswedi za madogo anazo mwenye steshenari!

Wakuu heshima kwenu. Leo nina povu, usiyependa kelele pita tu.

Hivi nani aliwadanganya hawa wakuu wa shule kwamba kompyuta ni vyombo vya kabatini vya kusubiria wageni? Sekondari ya kata hapa kwetu Rukwa (jina silitaji, wanajijua) waliletewa kompyuta na printa, shangwe kibao, mgeni rasmi akakata utepe, tukapigwa hotuba ndefu ya kizazi cha kidijitali jua linatuchoma, madogo wakashikishwa mausi wapigwe picha na mashine yenyewe wala haijawashwa. Baada ya hapo kufuli. Ukichungulia dirishani unaziona zimefunikwa kitenge, skrini bado zina nailoni za dukani. Ukiuliza unaambiwa mwalimu wa somo hayupo, ukikomaa unaambiwa watoto wataziharibu, ukizidi kukomaa inakuja hadithi ya Luku, eti umeme wa kulipia kabla utaisha.

Na shule hiyohiyo inatuchangisha hela ya kuchapisha mitihani ya majaribio kule stendi! Printa iko ndani! Mwenye akili timamu anieleze.

Sasa kwa nini naumia. Mambo yote siku hizi ni mtandaoni. Dogo wa form four akitaka kubadilisha tahasusi (mchepuo wa masomo ya form five) aingie mfumo wa Tamisemi, akimaliza form six mkopo wa chuo anaomba kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo, cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA (wale wa usajili wa vizazi na vifo), na kama ni yatima cha kifo cha mzazi nacho kihakikiwe, akija kumaliza chuo ajira za serikali ziko Ajira Portal. Sina ubishi na hilo, zamani watu walikuwa wanalala gesti Dar kufuatilia karatasi moja. Lakini huyo dogo toka aanze darasa la kwanza hajawahi kugusa kibodi, unategemea afanyeje? Anaenda steshenari.

Steshenari ya stendi msimu wa mikopo ukiiona utalia. Foleni mpaka barabarani, jamaa mmoja na skana moja, anajaza fomu za watu huku anakula mihogo. Unampa namba ya mtihani, vyeti na elfu thelathini ya ada ya maombi inayolipwa kwa kontro namba (namba ya malipo ya serikali) ukiacha hela yake mwenyewe, anaprinti fomu, unaipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa isainiwe na kugongwa muhuri, kisha kwa wakili au hakimu, unarudi nayo anaskani anaipandisha. Hapo vyeti viwe na jina linalofanana herufi kwa herufi, ole wako kimoja kiwe Asha kingine Aisha, unaanza safari nyingine ya kiapo.

Mpwa wangu alijaziwa hapo mwaka jana. Bodi ya Mikopo wakafungua dirisha la kurekebisha kwa waliokosea viambatanisho, kumbe na yeye yumo, ukurasa wa saini ya mdhamini haukuskaniwa. Tukitaka kuingia, paswedi hatuna. Tukasema tubadilishe, meseji inakwenda kwenye namba ya mwenye steshenari maana aliweka namba yake na imeili yake kwa kila mteja "ili kurahisisha"!! Na yeye yuko msibani kijijini huko mtandao wa kupanda mlimani. Binti analia, mama yake kitochi mkononi anampigia mtu hapatikani, siku zinayoyoma. Tulimpata dakika za mwisho kabisa, tena akadai hela ya "kufungulia akaunti". Akaunti ya mtoto wetu!

Simlaumu sana huyo jamaa, bila yeye wengi wasingeomba kabisa. Bodi nao mwongozo wanautoa kila mwaka, upo mpaka wa Kiswahili. Hasira zangu ziko kwenye kile chumba. Binti kakaa miaka minne mita chache kutoka kwenye mashine ambazo mtu angemfundisha hata kufungua imeili yake na kutunza paswedi yake, basi. Sijasema wamfundishe kuandika programu. Mtaala mpya ulioanza 2024 unaimba tehama kila ukurasa, tehama gani, ya kuchora kibodi ubaoni? Maana wanachora kweli, nimeliona daftari, kibodi imechorwa kwa rula na penseli na ticha kaweka vema.

Na wale wa "walimu hawana vifaa", vishkwambi vya sensa ya 2022 si waligawiwa? Cha jirani yangu ticha kinaonyesha katuni tu toka asubuhi.

Ninachotaka ni kidogo. Msimu wa maombi chumba kifunguliwe Jumamosi, awepo ticha mmoja anayejua, wazazi tuchangie Luku, hiyo hela ya kuchapisha mitihani si tunaitoa kila muhula? Nilisimama kikaoni nikalisema hili, nikajibiwa lipelekwe kwenye bodi ya shule, na bodi haijakaa toka mwenyekiti wake ahamie Mpanda.

Wale wa "peleka mtoto private" msinijaze uzi. Ila kama humu kuna mtu yuko ofisi ya elimu mkoa, aje PM nimpe jina la shule na picha za dirishani ninazo.