Nyumba ya majina mawili kuwekwa rehani ili kulipa madeni ya mume: nisaini?

MamaT_Kibaha
Habari wakuu, naomba ushauri wa wanaolijua jambo hili. Nyumba ipo Kibaha, hati miliki ina majina mawili, langu na la mume, na ndimo tunamoishi na watoto. Mume ana madeni yake binafsi: mkopo wa mshahara umebaki 9,000,000, kikoba 3,000,000, mikopo ya simu 1,200,000, na mkopeshaji wa mtaani 6,000,000 kwa riba ya 15% kila mwezi. Benki iko tayari kumpa 25,000,000 kwa miezi 36, riba 18% kwa mwaka, dhamana ikiwa nyumba. Nimeletewa fomu ya ridhaa. Nikikataa, anaweza kuweka rehani nusu yake? Na nikisaini, deni linakuwa langu pia?

Hati_na_Mipaka
Dada, bila sahihi yako rehani hiyo haisimami. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ardhi (Sura 113) kinataka nyaraka zionyeshe kwamba mwenza anayeishi kwenye nyumba ya ndoa ameridhia, hata hati ikiwa na jina la mume peke yake. Wake wakiwa wawili humo ndani, ni wote wawili. Benki ina wajibu wa kuhakikisha kama mwombaji ana mwenza, na mwombaji akidanganya anatenda kosa la jinai.

Kuhusu nusu yake: kama mnamiliki kwa pamoja bila mafungu, yaani hati haitaji sehemu ya kila mmoja, hakuna nusu ya kupeleka benki. Hati ikitaja mafungu, bado anahitaji ridhaa ya maandishi ya mmiliki mwenzake. Na benki haitaki nusu ya nyumba kwa sababu haiuziki.

Kwako wewe kuna uzito wa ziada. Jina lako limo kwenye hati, kwa hiyo ukisaini unakuwa mweka rehani pamoja naye na fungu lako linaingia lote.

Sasa pima hili kabla ya mengine yote. Madeni manne uliyotaja hayana meno juu ya nyumba hiyo leo. Mdai akienda mahakamani akashinda, kifungu cha 48 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai (Sura 33) kinazuia kukamatwa kwa nyumba anamoishi mdaiwa na mke na watoto wanaomtegemea. Ngao hiyo mnaivua wenyewe siku mnaposaini rehani. Marejesho yakikwama, benki inatoa notisi ya siku 60 chini ya kifungu cha 127 cha Sheria ya Ardhi. Zikiisha, deni zima linadaiwa kwa mara moja, na benki ina uwezo wa kuuza bila kwanza kufungua kesi. Tangazo la mnada linahitaji siku zisizopungua 14.

Salio_Linalopungua
Mimi niongezee hesabu. Madeni yote ukiyajumlisha ni 19,200,000. Hiyo 5,800,000 ya juu ni ya nini? Ada ya kushughulikia mkopo, mthamini, bima na usajili haviwezi kufika huko. Hilo liulizwe nyumbani kabla ya benki.

Halafu uliza 18% inapigwaje. Ikiwa ni ya salio linalopungua, yaani riba inahesabiwa juu ya deni lililobaki tu, rejesho la 25,000,000 kwa miezi 36 ni kama 904,000 kwa mwezi, jumla kama 32,540,000. Ikipigwa juu ya mkopo wote mpaka mwisho, rejesho ni kama 1,069,000, jumla 38,500,000. Karatasi zote mbili zitaandikwa 18%, na tofauti ni karibu milioni sita. Wakiwashawishi mrefushe hadi miezi 60, rejesho linashuka hadi kama 635,000 lakini riba inapanda kutoka milioni 7.5 hadi 13.

Kidonda chenyewe kiko kwa mkopeshaji wa mtaani. 15% ya 6,000,000 ni 900,000 kila mwezi na mtaji haujaguswa. Pesa hiyo ni karibu sawa na rejesho zima la benki. Mkopo wa mshahara uacheni ulipo: unakatwa kazini na haujagusa nyumba, kuuhamishia kwenye rehani ni kuupa dhamana usiyodaiwa. Kikoba nacho waombeni deni likatwe kwenye hisa zake siku ya kuvunja, vikundi vingi hukubali. Kinachobaki ni mkopeshaji na simu, 7,200,000. Kiasi hicho ni cha SACCOS ya kazini: nyingi hukopesha mpaka mara tatu ya akiba, kwa wadhamini. Kwa riba ileile ya 18% kwenye salio linalopungua, miezi 24, rejesho ni kama 360,000. Cha kuangalia ni theluthi moja ya mshahara inayotakiwa kubaki baada ya makato.

Mdau_Morogoro
Kabla hamjamlipa huyo mkopeshaji, aonyeshe leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka anayefanya biashara ya kukopesha awe nayo, na ukomo wa riba uliowekwa na Benki Kuu kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana, ni 3.5% kwa mwezi. Kwa 6,000,000 hiyo ni 210,000, si 900,000. Hapo mna nguvu ya kukaa mezani na kuomba alichokwisha kulipa kihesabiwe upya.

Mwulize pia mumeo alisaini nini. Wapo wanaomsainisha mkopaji mkataba wa mauziano ya nyumba au kiwanja na kuuita dhamana, tarehe ikiachwa wazi. Wapo wanaoshika kadi ya benki na namba ya siri. Malipo ya mwisho yapite benki, na siku hiyohiyo nyaraka zote na kadi virudi mkononi, pamoja na maandishi kwamba deni limekwisha.

MamaT_Kibaha
Asanteni sana. Mume anasema afisa wa benki kamwambia sahihi yangu ni ya ridhaa tu, na fedha zitaingia kwenye akaunti yake ya mshahara. Kwenye mkataba nimeona maneno "madeni yote ya sasa na ya baadaye". Hayo yana maana gani?

Hati_na_Mipaka
Dada, usisaini mkataba wenye maneno hayo. Maana yake ni kwamba akikopa tena benki hiyohiyo mwaka ujao, nyumba inaweza kudaiwa kwa mkopo ambao hukuuona. Dai yafutwe, na badala yake kiandikwe kiasi kamili na namba ya mkopo huu mmoja. Nyongeza yoyote ihitaji sahihi yako mpya.

Fedha zisipite akaunti ya mshahara. Kila mdai atoe barua ya salio yenye tarehe, na benki iwalipe moja kwa moja. Fedha zikiingia kwa mkopaji, mara nyingi deni la zamani linabaki na jipya linaongezeka juu yake. Bima ya mkopo isomeke inalipa salio lote iwapo mume atafariki. Mkataba usomewe na wakili wako, si yule aliyeletwa na benki, na uondoke na nakala iliyosainiwa.

Siku mkimaliza deni, kurudishiwa hati hakutoshi. Hati ya kufuta rehani lazima isajiliwe kwa Msajili wa Hati, la sivyo upekuzi wa rekodi za ardhi utaendelea kuonyesha nyumba ina mzigo.

Na ile sehemu ya anwani ya kupelekea notisi, jaza yako mwenyewe: sanduku la posta na namba ya simu unayoishika wewe. Fomu nyingi huwa na nafasi moja tu, ya mkopaji, na siku 60 huanza kuhesabiwa barua ikiwa kwenye droo ya ofisini kwake.