Mjadala: Je, Play Booster zimeiokoa drafti ya Magic au zinaiua polepole?

Mleta mada

Wakuu, salamu. Hoja hii inaibuka mezani kwetu karibu kila Ijumaa na kila mara inaishia kwenye kelele. Naileta hapa wenye uzoefu waichambue kwa utulivu.

Kwa asiyeufahamu mchezo: Magic: The Gathering ni mchezo wa karata aliobuni Richard Garfield, ukatolewa mwaka 1993 na Wizards of the Coast, kampuni ambayo leo ni mali ya Hasbro. Wachezaji wengi hununua karata, wakajenga deki nyumbani na kwenda nayo dukani. Mimi kinachonitoa nyumbani ni drafti (siyo ile ya kete). Mnakaa watu 8 kuzunguka meza, kila mmoja na pakiti 3 zilizofungwa. Unafungua ya kwanza, unachagua karata moja, zilizobaki unamsogezea wa kushoto huku wa kulia akikuletea zake. Mnaendelea hivyo hadi karata ziishe. Pakiti ya pili inazunguka kulia, ya tatu inarudi kushoto. Kwa ulichookota unaunda deki ya karata 40, kwa kawaida ardhi 17 (karata za kulipia gharama ya nyingine) na nyingine 23, kisha mnapambana. Mwenye kabati zima la karata na aliyeanza mwezi uliopita wanakaa chini wakiwa sawa. Ndiyo maana naupenda, na ndiyo maana nalisemea jambo hili kwa uchungu.

Zamani pakiti ya kudrafti, Draft Booster, ilikuwa na karata 15 kwa mpango unaojulikana: 10 za kawaida, 3 za daraja la kati, 1 adimu na 1 ya ardhi. Mwaka 2020 ikaja Set Booster kwa ajili ya wanaopenda kufungua tu waone wamepata nini. Oktoba 2023 kampuni ikatangaza kuziunganisha, na kuanzia seti (toleo jipya la karata) ya Murders at Karlov Manor, Februari 2024, tukawa na pakiti moja: Play Booster. Ina karata 14 za kuchezea. Za kawaida ni 6 au 7, kwa sababu nafasi ya saba mara nyingine huchukuliwa na karata ya nje ya seti. Kuna 3 za kati, 1 adimu na 1 ya ardhi. Halafu kuna nafasi mbili huria: moja ya karata yoyote ya daraja lolote, na nyingine ya karata ya kung'aa, nayo ya daraja lolote. Kwa hiyo pakiti moja inaweza kuwa na adimu 1 hadi 4.

Wengi wanalalamikia bahati: fulani kafungua mabomu matatu, yaani karata kali zinazoamua mchezo peke yake, kanipiga nayo, nimerudi nyumbani. Hilo mimi silishikii bango. Kinachoniuma ni kwamba pakiti hii imetunyima sehemu kubwa ya usomaji wa jirani, na drafti bila kumsoma jirani inabaki kuwa bahati nasibu yenye viti.

Nieleze. Chini ya mpango wa zamani, jirani yangu wa kulia amefungua pakiti, kachukua karata yake ya kwanza, kaniletea 14. Nahesabu. Adimu bado ipo? Za kati zote 3 zipo? Basi kachukua ya kawaida, tena ameipendelea kuliko adimu iliyokuwa mbele yake. Sijaiona karata yake, lakini najua kuna karata ya kawaida anayoithamini sana, na kwa kuangalia ni rangi gani imepungua kwenye pakiti (karata zimegawanywa kwa rangi, na deki ya drafti kwa kawaida hutumia mbili) naanza kukisia. Ikikosekana ya kati, naorodhesha kichwani zile za kati zenye nguvu na kuanza kupunguza. Ndani ya chaguo nne au tano za mwanzo unakuwa umeshamjua mtu ambaye hajafungua mdomo.

Leo pakiti inanifikia ina adimu moja, za kati nne, za kawaida saba na ile ya ardhi. Jirani kachukua nini? Huenda adimu ya pili iliyokaa kwenye nafasi huria. Huenda ya kati ya tano. Huenda ya kawaida. Hakuna namna ya kujua, kwa sababu sijui pakiti ilianza na nini. Nimeona pakiti ikifunguliwa na adimu tatu: wa kwanza akabeba moja, wa pili moja, wa tatu moja, na wote watatu hawakujifunza lolote kuhusu mwenzake zaidi ya kwamba ana macho.

Kwa Sealed, ambako unapewa pakiti 6 na kuunda deki bila kuchagua kwa zamu, hali ni mbaya zaidi, maana hata huyo jirani wa kumsoma hayupo.

Msimamo wangu: tubaki na Play Booster, lakini nafasi ya karata yoyote iishie kwenye daraja la kati. Wanaopenda kufungua waachiwe ile ya kung'aa. Karibuni, pingeni kwa hoja.

Jibu: muuza karata, Uingereza

Mkuu, umeandika kama mtu ambaye hajawahi kukaa upande wa pili wa kaunta. Draft Booster zilikuwa zinanidodea. Mteja akiingia alikuwa anauliza Set Booster, hata yule aliyekuja kudrafti akishamaliza alikuwa anaondoka na Set Booster mbili za kufungulia kwenye basi. Mark Rosewater, mbunifu mkuu wa mchezo, aliliandika waziwazi wakati wa tangazo: Set Booster zilikuwa zinauza zaidi, na maduka yalikuwa yanapunguza kuagiza zile za drafti. Duka likibahatisha idadi, ama linakwama na maboksi yasiyotoka au linakosa pakiti 24 za kujaza meza moja Ijumaa.

Unataka nafasi huria ikatwe adimu. Sawa. Asiyedrafti atanunua kwa nini? Na asiponunua yeye, mimi sitaagiza, na wewe hutakuwa na pakiti ya kumsomea jirani. Wanaofungua ndio wanaolipia meza yako, ndugu yangu. Hilo halipendezi lakini ndilo linaloniwezesha kuacha taa ikiwaka hadi saa tano usiku.

Jibu: mchezaji wa muda mrefu

Mimi nipo upande wa Play Booster na nitakwenda kwa hesabu, kwa sababu kuna watu humu watakuja kusema karata za kawaida zimepotea.

Seti nyingi kabla ya mabadiliko zilikuwa na karata za kawaida 101. Meza ya watu 8 ina pakiti 24, na kila moja ilikuwa na za kawaida 10, jumla 240. Gawanya kwa 101: kila karata ya kawaida ilijitokeza mezani wastani wa nakala 2.4. Karlov Manor ilikuja na za kawaida 81 tu. Zidisha 24 kwa 7, unapata 168, gawanya kwa 81: nakala 2 na ushee, na bado hujahesabu zinazoangukia kwenye nafasi huria. Tofauti ipo, lakini ni ndogo. Zilizopunguzwa ni zile zilizokuwa zinazunguka meza nzima hadi chaguo la kumi na nne na hakuna anayezitaka.

Kuhusu mabomu, mwaka 2005 tulikuwa na Umezawa's Jitte, karata adimu iliyokuwa inaamua michezo. Mwaka 2012 tulikuwa na Pack Rat kwenye Return to Ravnica, adimu ya gharama ya mbili tu: unatupa karata yoyote mkononi, unapata panya mwingine, na kila panya mpya anawakuza wote. Aliyeifungua alikuwa anacheza mchezo wake peke yake. Hapo pakiti ilikuwa na adimu moja! Adimu zikiwa nyingi mezani, angalau na wewe una nafasi ya kupata jibu lako.

Hoja yako ya kumsoma jirani nimeisoma mara mbili. Ni nzuri, lakini unaikuza. Kujua daraja la karata iliyochukuliwa kulikusaidia kwenye chaguo la pili, labda la tatu. Baada ya hapo ishara ya kweli ni ile ile ya siku zote: karata nzuri ya kijani inakufikia kwenye chaguo la saba, basi kijani kiko wazi. Hilo Play Booster haijaligusa.

Jibu: mchezaji wa simu, Dar es Salaam

Mnajadili jirani wa kulia na wa kushoto, sisi wengine jirani hatuna. Nadrafti kwenye Arena, programu ya kucheza Magic mtandaoni. Premier Draft ni dhahabu 10,000 au vito 1,500; dhahabu naikusanya kwa majukumu ya kila siku na ushindi, sitoi hata shilingi. Quick Draft ni 5,000, unachagua pamoja na roboti. Kwenye Premier unachagua pamoja na watu, lakini ukishaunda deki unapangiwa mpinzani ambaye kwa kawaida hakukaa meza moja nawe. Unacheza mpaka ushinde mara 7 au ushindwe mara 3.

Kwa hiyo kumnyima jirani karata kali hakunisaidii, maana ni nadra nikutane naye. Namsoma ili nijue rangi ipi iko wazi, basi. Na hapo nakubaliana na mleta mada: kwenye simu nina sekunde chache za kuchagua. Pakiti yenye mpango mmoja ningeizoea, hii kila ikija ni mpya. Lakini nikiri ninachokiona: vijana niliowaingiza kwenye mchezo wanafurahia sana adimu mbili zikitokea kwenye pakiti moja, kwa sababu wanabaki nazo. Wewe unapima drafti kwa mchezo, wao wanapima pia kwa wanachoondoka nacho.

Jibu: dada wa kyubu

Kaka zangu, mbona hakuna anayetaja kyubu? Unakusanya karata 360, ndizo zinazotosha watu 8 kwa pakiti 3 za karata 15. Unazichanganya, mnadrafti, mnarudisha. Hakuna anayebaki na kitu, hakuna anayenunua tena. Yangu yote ni ya karata za kawaida, nyingi niliziokota kwenye makopo ya karata za bei ya chini. Kampuni ikipanga pakiti inavyotaka, meza yangu haitikisiki.

Mleta mada

Asanteni. Nianze na muuza karata, kwa kuwa hoja yake ndiyo nzito kuliko zote. Kwamba drafti ilikuwa inakosa pakiti dukani, nakubali bila ubishi, na ningekuwa wewe ningeshangilia siku ile ya tangazo. Ila angalia nani analipia uokoaji huo. Hadi 2019, kampuni ilipoacha kutangaza bei elekezi, pakiti ilikuwa dola 3.99. Tatu ni dola 11.97. Play Booster zilianza kwa bei ya Set Booster, ile ghali. Bei elekezi iliporudi kutangazwa na Aetherdrift mwaka 2025, ilikuwa dola 5.49, yaani 16.47 kwa drafti moja. Seti ya Final Fantasy mwaka huo huo ilikuwa 6.99, sawa na 20.97. Hapo duka halijaongeza zawadi za washindi. Bei ya maisha imepanda kila mahali, najua, lakini sehemu ya ongezeko hili ni gharama ya nafasi mbili huria ambazo mdrafti hakuziomba. Unasema wanaofungua wanalipia meza yangu. Kwa mahesabu haya na mimi nawalipia wao.

Ndugu wa hesabu, namba zako sina ugomvi nazo, na ndiyo maana sikulalamikia karata za kawaida. Kuhusu Pack Rat, umenisaidia bila kutaka. Karata ile ilikuwa inaumiza, lakini meza nzima ilijua karibu kila pakiti ina adimu moja tu. Ukipitishiwa pakiti isiyo na adimu, ulijua imebebwa na aliyekutangulia, ukaanza kujiuliza kama ni yenyewe. Ulikuwa na haki ya kuogopa kwa sababu. Na hilo la chaguo la saba ni kweli, kijani kikifika kimefika. Lakini ukisubiri chaguo la saba ndipo ujue rangi iko wazi, umeshatumia nusu ya pakiti kwa kukisia. Wachezaji wazuri niliowaona wakipanda walikuwa wanaamua mapema, na walikuwa wanaamua kwa ushahidi mdogo mdogo kama huu.

Mdogo wangu wa Dar, hilo la kubaki na karata limenifikirisha. Ndiyo maana siombi nafasi ya kung'aa iguswe: furaha hiyo ibaki pale. Naomba moja tu kati ya mbili. Pakiti ikiwa na adimu 1 au 2, mara chache 3, anayefungua bado ana cha kushangilia, na anayesoma bado ana cha kusoma.

Dada wa kyubu, ninaikubali kyubu na ningekuwa karibu ningekuja na daftari langu. Lakini kyubu tunaijua karata kwa karata. Seti mpya ina zile wiki mbili za mwanzo ambapo hakuna mezani ajuaye ipi ni nzuri, na aliyeanza juzi anaweza kumshinda mzee wa kazi kwa kuona jambo mapema. Sitaki wiki hizo ziwe za wenye bahati ya kufungua.

Muuza karata, nina swali kwako mahususi: kwa wateja wako wanaofungua tu, ni wangapi wanaogusia ile nafasi ya karata yoyote? Wangu wa hapa wakifungua wanakimbilia adimu na ile ya kung'aa, nyingine wanazipita. Kama na kwako ndivyo, basi ninachoomba hakikugusi mfuko. Kama sivyo, niambie, maana hapo ndipo hoja yangu inapoweza kuvunjika.