Tupeane uzoefu: wakili akikubagua au akikubughudhi, unamweleza nani?

Wadau mlioko Ontario, Kanada, huku wakili tunamkabidhi kila kitu: ndoa, makaratasi ya ukimbizi, mpaka picha za makovu. Sasa akianza huyo huyo kukubagua au kukutaka kimapenzi, unakimbilia wapi bila kuharibu kesi yako?

Nianze mimi. Kazi yangu ukalimani. Wakili mmoja alimwambia mteja wake, mama wa Kikongo, “Nyie watu hamjui kusema kweli,” kisha akanigeukia: “Hilo usimwambie.” Nikamwambia vilevile lilivyotoka. Baada ya hapo maneno yakahamia kwangu, rangi na lafudhi. Rafiki akanielekeza DHC (Discrimination and Harassment Counsel), ofisi iliyopo tangu 1999 kwa wanaobaguliwa au kunyanyaswa na mawakili na paralegali (watoa huduma za kisheria wenye leseni, ila si mawakili) wa Ontario. Ni bure na ni siri. Inalipiwa na Law Society, chombo kinachowasimamia mawakili na paralegali, lakini jina lako haliendi huko; wanachopeleka ni takwimu tu. Aliyenipokea hakunisukuma. Alinieleza njia zilizopo: kulalamika Law Society, kwenda Baraza la Haki za Binadamu la Ontario, kupatanishwa kama nikitaka, au kuacha. Akaniambia pia wao si mawakili wangu na hawachunguzi. Nilipenda uwazi huo.

Mdau, Hamilton: Wangu alikuwa paralegali, kesi ya mwenye nyumba. Saa tano usiku ujumbe unaingia: “Umelala?” Kesho yake: “Njoo kwangu tupitie faili.” Jamani, jumbe hizo msizifute hata kama zinatia kinyaa! DHC walinielekeza namna ya kumwandikia mwenyewe aache. Aliacha. Faili nikalihamishia kwa mwingine, maana kubadilisha ni haki yako.

Mdau, Ottawa: Angalieni tarehe. Kuongea na DHC hakusimamishi muda, na Baraza linataka maombi ndani ya mwaka 1 tangu tukio la mwisho. Shemeji yangu alingoja kesi ya ukimbizi iishe kwanza, mwaka ukapita, ikabaki Law Society.

Mdau, Nairobi: Kwetu kuna Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, chini ya Mwanasheria Mkuu, nayo ni bure. Ila pale unapeleka malalamiko kabisa, na wakili anaandikiwa ajibu. Pa kuongea kwa siri kabla hujaamua, mimi sijapaona.

Haya, wa Dar na Zanzibar, kwenu vipi? Majina ya mawakili msiweke.