Lucknow baada ya kifungu cha 377: mabinti wawili wakitoroka kwao, polisi huwafuata kwa kosa gani?

Mdadisi_Bara:
Wakuu, habari za saa hizi. Naandaa mada kuhusu wapenzi wa jinsia moja India, na nimeuchagua mji wa Lucknow, ambako "watu watasemaje" ina nguvu kuliko sheria. Mahakama ya Juu ilikivunja makali kifungu cha 377, kile kilichofanya mapenzi ya jinsia moja kuwa jinai, tarehe 6 Septemba 2018. Sasa kwa nini mabinti wawili wazima wakiondoka nyumbani, polisi bado wanawasaka? Na wanaharakati huwasaidiaje, hatua kwa hatua?

Wakili_Kivulini:
Hawasakwi kwa 377 hata kidogo. Baba au kaka anakwenda kituoni kuripoti kwamba binti amepotea, au anamshitaki yule mwenzake kwa kumteka. Mara nyingi huongezwa na madai ya wizi wa dhahabu. Kwa hiyo kazi yote ni kuyajibu madai hayo matatu kabla hayajaandikwa.

Umri kwanza. Cheti cha darasa la kumi ndicho chenye uzito, kwa kuwa kina tarehe ya kuzaliwa. Wengi hutegemea kadi ya Aadhaar, kitambulisho cha India, lakini Mahakama ya Juu ilishasema mwaka 2024 kwamba si uthibitisho wa tarehe ya kuzaliwa. Tatizo ni kwamba cheti halisi kimefungiwa kwenye kabati la baba. Nakala nyingine huombwa bodi ya mitihani, na hilo lifanywe mapema.

Pili, barua: jina, umri, tarehe, sahihi, na maneno machache kwamba nimeondoka kwa hiari yangu na sikuchukua mali ya mtu. Itumwe kwa Speed Post (posta ya haraka) kwa kituo cha kwao na kituo cha kule anakokwenda, stakabadhi zitunzwe. Vito viachwe nyumbani, hata vile alivyopewa yeye mwenyewe.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuitikia ile simu ya "njoo utie sahihi tu, uende zako". Akifika anakuta ukoo mzima umekaa kwenye benchi. Maelezo yatolewe mbele ya hakimu, kifungu cha 183 cha sheria mpya ya mwenendo wa jinai (zamani 164), tena akiwa na wakili. Asiye na hela apige 15100, msaada wa kisheria wa bure.

Mama_Nukta:
Nyongeza. Simu na benki huwaumbua wengi. Kadi ya benki yenye akaunti ya pamoja na mzazi ikitumika mara moja kwenye ATM, mji umeshajulikana.

Mahakamani, ombi la ulinzi hupelekwa Mahakama Kuu ya Allahabad, ambayo ina benchi lake hapo hapo Lucknow. Familia nayo huomba binti aletwe mbele ya jaji. Ombi hilo si baya lenyewe, ubaya ulikuwa majaji kumpeleka "akashauriwe" kwanza. Mwongozo wa Mahakama ya Juu wa Machi 2024, kesi ya Devu G. Nair, unamtaka jaji azungumze naye faraghani, wazazi wasiwepo, na unakataza ushauri wa kumgeuza mapenzi yake. Wakili aende nao mkononi, asidhani kila jaji ameusoma.

Kasuku_wa_Pwani:
Mnasahau kwamba Lucknow ina kidonda chake. Julai 2001 polisi walivamia ofisi za Bharosa Trust na Naz Foundation International, wafanyakazi wa kinga ya UKIMWI, akiwemo Arif Jafar, wakakaa rumande siku 47. Vipeperushi vya afya viligeuzwa ushahidi wa uchafu. Ndiyo maana orodha ya majina si kitu cha kuacha kwenye droo ya ofisi. Maandamano ya kwanza ya fahari (Pride) ya wapenzi wa jinsia moja pale yalikuja 2017. Anayeyapanga leo huanza kwa kuuliza kama kuna amri ya kifungu cha 163 (ile 144 ya zamani) inayozuia mikusanyiko, maana huko hutolewa mara kwa mara, na ombi hupelekwa kwa kamishna wa polisi. Barakoa zigawiwe mwanzo wa njia, kabla ya kamera kufika.

Na kifungu cha 162 cha Kenya na 154 cha Tanzania ni ndugu wa baba mmoja, mkoloni Mwingereza, na huyo 377.

Mdadisi_Bara:
Nimewaelewa vizuri sana. Wakili, kwenye ile barua amtaje na mwenzake?

Wakili_Kivulini:
Asimtaje. Polisi wakishapata jina wameshapata "mtekaji". Aandike habari zake yeye tu, na mwenzake aandike barua yake, itumwe kwa bahasha tofauti.