Naomba ushauri: Wapi Dodoma nitapata ugali wa uwele na mlenda wa kweli?

Ndugu zangu, habari za majukumu. Mwishoni mwa mwezi ninatarajia kuwapokea wakwe zangu kutoka Tanga, watu waliozoea samaki, nazi na wali, nami ningependa wale chakula cha Wagogo kilichopikwa na mtu anayekijua, yaani ugali wa uwele pamoja na mlenda uliokaushwa, ukatwangwa na kuungwa kwa karanga. Kwa nyama choma sina shida, kwani mbuzi wa mnadani Msalato hahitaji zaidi ya chumvi na pilipili. Tatizo ni mlenda: migahawa mingi niliyoingia katikati ya mji huujaza nyanya na viungo vya dukani hadi ladha ya majani inapotea, kisha huuandaa na ugali wa sembe nyeupe, jambo ambalo kwa maoni yangu ni kumpunja mgeni.

Je, yupo mama lishe, pengine upande wa Majengo au Chang'ombe, apikaye uwele kila siku, au ni lazima kuagiza mapema? Mama mkwe anaumwa magoti, hivyo viti vyenye egemeo vitafaa kuliko mabenchi. Pia, je, niwatahadharishe kuhusu ule utelezi wa mlenda, au niwaache waonje kwanza?