MJADALA: Gereji za mtaani zihamishwe, au tuanze na hili vumbi kwanza?

Mleta mada: Wakuu habari za saa hizi. Kila wakisema jiji lisafishwe wa kwanza kuguswa ni fundi gereji na mama lishe, ila vumbi lenyewe hakuna anayeliuliza. Hapa Dar pita Gerezani asubuhi, unawakuta kina mama wa kufagia wamejifunga khanga mdomoni, vumbi linapaa linatua kwenye beseni la vitumbua, lingine linarudi barabarani lifagiliwe tena kesho. Sasa lile sio udongo mtupu jamani, kuna zinki ya matairi yanayosagika, shaba ya brekipedi, na risasi (ile metali ya kwenye betri, sio ya bunduki), ndo hayo wataalamu wanaita madini tembo, yaani metali nzito. Mtu ataniambia petroli ya risasi ilishaondolewa, kweli, kufikia mwanzoni mwa 2006 huku kwetu ilikuwa imeisha, lakini risasi haiozi, iliyotua pembeni ya barabara miaka yote ile haijaenda popote, na juu yake tunaongeza ya betri chakavu na rangi za zamani zinazokwanguliwa. Mimi naona kuhamisha watu ni kukwepa kazi. Nyie mnasemaje?

Mzee wa Magomeni: Acheni kutishana vijana. Tumekulia kwenye vumbi hilo hilo, tumecheza chandimu barabarani, mbona wazima?

Mleta mada: Shikamoo mzee wangu. Risasi haikuangushi siku moja, ndo ubaya wake. Mtoto anatambaa, anagusa chini, anapeleka mkono mdomoni, na mwili wake unafyonza risasi mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima. Inakula ubongo taratibu, damu inapungua, darasani haelewi anaambiwa mvivu anachapwa. Shirika la Afya Duniani wanasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Kwa mkubwa ni presha na figo, na presha huku mtaani tunajua zilivyojaa, ingawa sisemi zote ni za vumbi.

Fundi Tandale: Mimi ni fundi, mkitupeleka huko pembezoni mteja hatufuati, tutarudi kimya kimya tufanyie kazi uani kwenye nyumba za watu, hapo si ndo watoto watavuta zaidi? Na hizo daladala zinazokanyaga breki kila kituo mtazihamishia wapi?

Dada wa Mombasa: Kaka fundi nakuelewa, lakini kuna kazi ambazo hazifai kukaa na watu. Kwetu Owino Uhuru kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, kilianza 2007 kikafungwa 2014. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi hapo hapo, mwanawe akaugua, kupimwa damu ikakutwa na risasi. Mahakama ikawapa wanakijiji shilingi za Kenya bilioni 1.3 mwaka 2020, rufaa ikaitengua 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Miaka yote hiyo mtoto anakua na sumu mwilini, sasa pesa zitamrudishia nini?

Mleta mada: Umenena dada. Basi mimi natenganisha, anayepasua na kuyeyusha betri aondoke kwenye makazi hata kesho, hapo sina huruma. Wa kubadili plagi na kuziba pancha abaki. Halmashauri wamwage maji kabla ya kufagia au walete magari ya kunyonya vumbi, na wale kina mama wapewe barakoa za maana, khanga haizuii kitu. Na watoto wa jirani na gereji wapimwe damu, tusibishane kwa macho.

Fundi Tandale: Ya betri nakubali, nami sipendi ile tindikali wanavyoimwaga kwenye mtaro. Ila barakoa na maji nani analipia? Maana najua itakuja kama ushuru mpya wa gereji, na ushuru wenyewe tunalipa tayari na mtaro haujazolewa.

Mzee wa Magomeni: Hilo la kupima damu wajukuu, linafanyika hospitali gani na ni shilingi ngapi?